Mawe Saba ya Ndarugu

Mto Ndarugu unapopinda chini ya machimbo, upande wa Juja, pana mkuyu wa siku nyingi, na kivulini mwake wanyama wa bonde walipanga mawe saba. Ni yale mawe ya kijivu ambayo malori huyabeba kutwa kwenda kujengea Ruiru na Thika, yaliyochongwa pande nne kwa nyundo na tindo. Kila jiwe ni kiti cha mhesabu mmoja.

Kila kiangazi cha tano wanyama humchagua Mlinzi wa Maji, ambaye hupanga nani anywe alfajiri, nani anywe jioni, na mto ukikauka nani achimbe mchangani. Kila mnyama hupewa kokoto moja, akaitia katika kibuyu cha amtakaye. Jua likizama vibuyu hufunguliwa pale pale kivukoni, kokoto huhesabiwa, idadi huchorwa kwenye gome la mti, na magome ya vivuko vyote hupelekwa kwa wale saba chini ya mkuyu. Wazee waliweka sharti: mhesabu aketi miaka sita, kipindi kimoja, wala asitoke katika ukoo wa mgombea.

Mwaka ninaousimulia, mawe manne yalikuwa matupu. Korongo aliruka usiku wa mzozo wa kiangazi kilichopita, hakurudi tena. Swala, Nguchiro na Pimbi walijiuzulu wakifuatana. Wakabaki Kobe, Nungunungu na Bundi. Juu ya mawe matupu mijusi ilianika migongo yake, na kuvumwani ilikuwa imeshaota pembezoni.

Kanga mdogo, binti wa Kanga wa Kalimoni, alipita hapo kila asubuhi akienda kuparua chini ya mibuni. Siku moja akasimama, akamuuliza babu Kobe.

"Guka, viti hivi ni vya nani?"

"Ni vyenu," Kobe akamjibu. "Mmesahau tu."

Basi Kobe akaita baraza. Kiboko, Mlinzi wa Maji, akaja na tope mgongoni, akasikiliza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mzee Kobe, mvua ingali inanyesha. Mto umefurika. Wahesabu wanne hao watahesabu nini?" Wengi wakatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa walikuwa wameshiba. Hili nimeliona mara nyingi, nami linaniuma kila ninapoliona: wakati wa mvua uteuzi wa wahesabu hauna mwenyewe. Mwenye madaraka haoni haraka, mpinzani wake anangoja apate nafasi ya kuutumia, na sisi wanywaji tuna mambo mengine.

Fisi naye akainuka. "Tena watatu wanatosha. Chungu hubebwa na mafiga mangapi? Hata binadamu wa pale ng'ambo ya barabara, Mahakama yao ya Juu ilisema makamishna watatu ni tume kamili."

Hoja ilikuwa nzito, na baraza likanyamaza kungoja jibu.

"Mafiga matatu hubeba chungu kwa sababu mpishi alipanga matatu tangu mwanzo, akapima nafasi," Kobe akasema. "Hapa palipangwa saba, manne yakaondolewa chungu kikiwa motoni. Haya yaliyobaki hakuna aliyeyapanga. Yamebaki tu. Na kwa kuwa umewataja binadamu, nitawaeleza niliyoyaona, maana nyumba yangu iko kando ya barabara kuu ya Thika na masikio yangu ni mazima."

Akaanza na Juja. Mbunge wa Juja, Francis Waititu, alifariki Februari 2021, na uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 18 Mei. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikuwa na makamishna watatu: mwenyekiti Wafula Chebukati, Boya Molu na Abdi Guliye. Wenzao watatu walijiuzulu Aprili 2018, na mwingine, Roselyn Akombe, alikuwa ameondoka Oktoba 2017 katikati ya maandalizi ya uchaguzi wa marudio. Viti vinne vikakaa vitupu zaidi ya miaka mitatu.

"Mahakama ya Juu ilisema watatu wanatosha, ni kweli," Kobe akaendelea. "Ilisema hivyo tarehe 31 Machi 2022. Lakini tarehe 13 Mei 2021, siku tano tu kabla watu wa Juja hawajapanga foleni, Mahakama Kuu ilikuwa imesema tume hiyo haina akidi. Nyinyi fikirini. Mama anatoka Witeithie, kitambulisho mkononi, anakwenda kupiga kura, na redio ya matatu inamwambia kwamba wanaomsimamia hawajatimia. Anaipiga. Usiku wakubwa wanaingia katika kituo cha kujumlisha kura, vurumai inazuka, kazi inasimama kwa saa kadhaa. Mwishowe hesabu ikaisha, na mgombea wa chama kidogo akamshinda wa chama tawala. Lakini mkubwa huingia kwa mabavu pale anapojua kwamba mwenye nyumba hana nguvu ya kumtoa."

"Kwani wangekuwa saba asingeingia?" Ngiri akauliza.

"Pengine angeingia," Kobe akajibu. "Lakini angekuta kuna mtu wa kumuuliza anatafuta nini."

Ngiri hakutosheka. Alikuwa anajiandaa kugombea, na alikuwa na pendekezo lake: mawe manne yagawanywe, Kiboko alete wawili na yeye alete wawili. Kila upande uwe na jicho lake. Fisi akaliunga mkono papo hapo, na hapo ndipo Nungunungu, ambaye huongea kwa nadra, alipotikisa miiba.

Akawakumbusha mwaka 1997, KANU na upinzani walipokubaliana kwamba vyama vya upinzani navyo vitapendekeza makamishna wa tume ya wakati ule, iliyokuja kuongozwa na Samuel Kivuitu. Makubaliano yale yaliwatuliza watu, lakini yalibaki neno la waungwana, hayakutiwa katika sheria. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Mwai Kibaki akateua makamishna bila kuwauliza wapinzani. Uchaguzi ukafika na nusu ya nchi haiwaamini wahesabu hata kabla kura moja haijahesabiwa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata.

"Na baadaye," Nungunungu akasema, "tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ikachunguza. Haikupata uthibitisho kwamba kura ziliibwa katika kituo cha taifa cha kujumlisha. Ilichokuta ni uchafuzi wa kura vituoni, pande zote, na makosa ya kuhesabu na kuandika, mengi kiasi kwamba hapakuwa na namna ya kumjua mshindi wa kweli. Desemba 2008 tume nzima ikavunjwa. Mnanielewa? Watu walikufa kwa kilio cha kuibiwa, na mtu aliyetumwa kuchunguza akarudi bila jina la mwizi wala la mshindi."

Mimi husimama hapa kila ninapoisimulia hekaya hii, maana watu hutaka kuambiwa jina la mwizi. Pendekezo la Ngiri lina utamu wake, kwa sababu mahali pasipo na uaminifu jicho la upande wako ni afadhali kuliko upofu. Lakini mhesabu aliyeletwa na ukoo huhesabu akiutazama ukoo. Agosti 2022 Kenya iliona tume ikipasuka vipande viwili siku ya kutangaza mshindi: makamishna wanne upande mmoja, mwenyekiti na wenzake wawili upande wa pili. Na mstari wa mpasuko ulipita pale pale palipoungwa. Wale wanne walikuwa ndio walioapishwa Septemba 2021 kuziba viti vitupu, miezi 11 kabla ya uchaguzi. Sisemi nani alikuwa mkweli. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo. Nasema watu saba waliokaa pamoja miaka mitano hugombana mapema, faraghani, wakajuana mwendo. Hawa hawakupewa muda wa kugombana.

Baraza likaendelea hadi jioni. Kobe aliwaeleza jinsi Chebukati na wenzake walivyokalia viti Januari 2017, uchaguzi ukiwa Agosti 8. Miezi saba haikutimia. Aliwaeleza kuhusu Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya teknolojia ya tume, aliyeuawa zikibaki siku chache watu wapige kura. Alipolitaja jina hilo alishusha sauti, na hata Fisi aliinamisha kichwa. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais. Mtu mmoja anayeujua mtambo akiondoka, tume hupungukiwa na mengi kuliko jozi moja ya mikono, kwa kuwa yapo maarifa yaliyokuwa kichwani mwake tu.

Halafu akawaeleza lililomshangaza kuliko yote. Kuanzia Januari 2023 muhula wa Chebukati ulipokwisha, hadi Julai 2025 Erastus Edung Ethekon na wenzake walipoapishwa, tume haikuwa na kamishna hata mmoja aliyekuwa kazini. Jopo la uteuzi lilikwama katika mabishano ya wanasiasa na katika kesi. Watu wa Banissa, kule Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023 na wakakaa bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025.

"Hilo ni la Mandera," Kiboko akasema. "Sisi tuko Ndarugu."

"La Ndarugu hili hapa," akajibu Kobe. "Zamani eneo bunge la Juja lilikuwa limeimeza Thika na Ruiru. Mwaka 2012 likagawanywa, yakawa matatu. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kabla miaka 12 haijapita, yaani kufikia Machi 2024. Ruiru peke yake ilikuwa na zaidi ya watu 370,000 katika sensa ya 2019, na Lamu Mashariki 22,000 hivi, na kila upande una mbunge mmoja. Machi 2024 ilipofika, nani angekaa kuchora mstari? Ofisi ilikuwa na walinzi, madereva na wahasibu. Viti vya wenye kuamua vilikuwa vitupu."

Usiku ukaingia na hawakuamua neno. Kiboko akarudi majini. Mvua ikanyesha siku nyingine nyingi.

Kiangazi kilipokuja kilikuja kwa ghafla. Ndarugu ikawa kamba nyembamba katikati ya mawe, na ndipo wote walipokumbuka. Zikiwa zimebaki siku ishirini, mawe manne yakajazwa. Heroe, Kicheche, Kuro na Mbuni: wanyama wa heshima, hakuna aliyewajua kwa baya. Lakini walikalia mawe ambayo bado yalikuwa na kuvumwani, wakiulizana majina.

Siku tatu za mwisho ndizo zilizotumika kutafuta makarani wa vivuko. Kazi hiyo wakapewa Fisi na wenziwe, kwa kuwa wale saba walikuwa wanazozana kuhusu vibuyu. Kanga mdogo alikuja mapema na jina lake limechorwa vizuri kwenye jani. Alikuwa amehesabu mayai ya mama yake misimu miwili bila kukosea. Fisi akalipokea jani, akaliweka chini ya mengine. Jioni orodha ikabandikwa mtini. Kivuko cha Kalimoni alikuwa amepewa mpwa wake Fisi.

Nisimwonee kijana yule. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye bidii, na ajira ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Mafunzo yalikuwa ya alasiri moja. Makarani mia mbili walisongamana chini ya mti mmoja, Nungunungu akainua kibuyu kimoja juu ili wa nyuma waone, na wa nyuma hawakuona. Akawaeleza: pindua kibuyu, tikisa mpaka kisilie, panga kokoto kumi kumi juu ya jani la mgomba, mwingine ahesabu baada yako, mawakala wa wagombea waweke alama za nyayo kwenye gome, gome la pili liangikwe kivukoni kila mpita njia alione. Mpwa wa Fisi, aliyekuwa safu ya nyuma, alisikia mpaka kwenye jani la mgomba.

Siku ya kura alikuwa macho tangu alfajiri ya jana yake. Wanyama walikuja mpaka giza. Usiku, vimulimuli wakimwangazia, akapindua kibuyu cha Ngiri, akapanga. Mafungu manane ya kumi, na sita. Akapindua cha Kiboko. Mafungu sita, na nane. Alihesabu sawasawa. Kisha akashika gome, macho yamejaa mchanga wa usingizi, akachora 68 mbele ya alama ya Ngiri na 86 mbele ya alama ya Kiboko. Mawakala walikuwa wamelala. Gome la pili hakuliangika, kwa kuwa hakujua kwamba lipo.

Chini ya mkuyu gome la Kalimoni liliposomwa, kelele za ukoo wa Ngiri zilisikika hadi Gatuanyaga. Kalimoni ni kwao. Kila mtu alijua Ngiri anapendwa pale. Nani karani wa Kalimoni? Mpwa wa Fisi. Nani aliyesema watatu wanatosha? Fisi. Haikuhitajika maneno mengine. Kiboko naye, aliposikia kelele, akapanda kutoka majini na wanawe wakubwa, akaingia moja kwa moja katikati ya mawe saba, na miguu yake mizito ikayakanyaga magome ya vivuko vitatu. Kuro akasimama. Mbuni akatazama pembeni. Hakuna aliyejua ni nani kati yao mwenye kazi ya kumwambia Mheshimiwa atoke, kwa kuwa hawakuwahi kupanga. Kazi ikasimama.

Bundi ndiye aliyeagiza vibuyu vya Kalimoni viletwe na vifunguliwe mbele ya wote. "Nani ahesabu?" Kila ukoo ukamkataa wa ukoo mwingine. Kobe akamwita Kanga mdogo. Akaja, akatandaza jani, akapanga kokoto kumi kumi, polepole, akizigusa moja moja kwa mdomo wake, na wanyama wote wa bonde wamenyamaza hata mto ukasikika. Themanini na sita za Ngiri. Sitini na nane za Kiboko.

"Nilikosea mstari," mpwa wa Fisi akasema huku analia. "Wallahi, nilikosea mstari tu."

Ilikuwa kweli. Mimi msimulizi najua ilikuwa kweli, na linanihuzunisha hilo kuliko kama angekuwa ameiba. Kosa la karani aliyepatikana mchana, kwa orodha iliyo wazi, huitwa kosa; hurekebishwa, watu wakaenda kulala. Kosa la aliyeletwa na mjomba wake halina jina hilo. Fisi alipompa mpwawe kazi alimnyima haki ya kukosea, na bonde zima likanyimwa pamoja naye.

Magome yaliyokanyagwa yakachorwa upya kutoka vibuyuni. Kalimoni ikasahihishwa. Kulipokucha hesabu ilikuwa hii: Kiboko ameshinda, kwa kokoto arubaini. Alikuwa ameshinda tangu jioni, bila msaada wa mtu. Kobe alilitangaza hilo, na wahesabu wote saba wakaweka alama zao za nyayo.

Hakuna aliyemwamini. Ukoo wa Ngiri ukaondoka asubuhi ile ile kwenda kunywa katika mto Thika, mwendo wa nusu siku kwenye jua, na watoto wawili wa ngiri wakafia njiani kabla ya kufika. Mwaka mzima Kiboko alikaa majini akiwaambia waliokuja kunywa, "Lakini nilishinda. Mnajua kwamba nilishinda?" Walikunywa, wakaondoka.

Kisha mvua ikarudi. Ndarugu ikafurika, nyasi zikarefuka, na wanyama wakaanza kusahau. Kanga mdogo alimkuta Kobe kwenye shamba la kahawa, mbali na mto, anatafuna jani.

"Guka, Heroe amehama. Jiwe lake tupu."

"Nimesikia."

"Uchaguzi mwingine ni lini?"

"Kiangazi cha tano kutoka hiki kilichopita."

Kanga akahesabu kwa vidole vya mguu mmoja, vikaisha. "Basi tuna muda mwingi. Baraza utaliita lini?"

Alipogeuka kungoja jibu, Kobe hakuwapo. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mkuyuni.